Minza na Fundi wa Kwanza wa Mwandulu

Sogeeni karibu, watoto. Leo nawasimulia habari za Minza.

Zamani, mji wa Mwandulu ulikuwa mdogo sana. Ulikuwa na nyumba chache, duka moja na mbuzi wengi.

Siku moja mkokoteni wa ng'ombe uliingia mjini. Kwiri, kwiri, kwiri, magurudumu yalilia.

Juu ya mkokoteni alikaa Minza pamoja na mama yake. Baba alitembea mbele, akiwaongoza ng'ombe.

Baba yake Minza aliitwa Masalu. Alikuwa fundi bati. Alitengeneza ndoo, taa na masufuria. Kitu kikitoboka, yeye alikiziba.

Nyundo yake ilisema, "Ko, ko, ko."

"Tutakaa hapa," alisema baba. "Mji huu hauna fundi bati."

Minza akatazama mbuzi. Akatazama mawe makubwa ya kupanda. "Hapa pananifaa," alisema.

Wakafunga turubai kwenye miti, wakalala chini yake. Asubuhi, baba akapanga vifaa vyake vizuri. Akasubiri.

Hakuja mtu.

Kesho yake akasubiri tena. Hakuja mtu. Alikuja mbuzi tu.

"Bila kazi hatuwezi kula," alisema baba polepole. "Labda Jumamosi tuhame tena."

Minza alikuwa amehama mara nyingi. Hakutaka kuhama tena.

"Baba, labda watu hawajui kama tupo," alisema. "Mimi nitawaambia."

"Nenda," alisema mama. "Lakini usiende mbali."

Minza akatembea katikati ya mji. Akaita kwa sauti:

"Nani ana kitu kinachovuja? Baba yangu ataziba."

Mwenye duka akamtazama, akarudi ndani ya duka. Mama mmoja akaingia ndani, akafunga mlango.

Minza akavuta pumzi. Akaita tena:

"Nani ana kitu kinachovuja? Baba yangu ataziba."

Ndipo akasikia kitu. To, to, to. To, to, to.

Bibi mmoja alikuwa anatoka mtoni, ndoo kichwani. Ndoo ilivuja. Maji yalimdondokea begani, to, to, to.

"Shikamoo, bibi," alisema Minza.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mimi ni Bibi Kwandu. Wewe ni mtoto wa nani?"

"Mimi ni Minza, mtoto wa Masalu, fundi bati. Ndoo yako inavuja. Baba yangu ataziba."

Bibi Kwandu akatua ndoo. Maji yalikuwa yamebaki nusu.

"Fundi mmoja alipita hapa mwaka jana," alisema. "Alichukua ndoo zetu. Alichukua masufuria yetu. Akasema atarudi. Hakurudi."

Minza akafikiri. Sasa alijua kwa nini watu hawaji.

"Bibi, baba yangu hatachukua ndoo yako," alisema. "Atakuja hapa. Ataziba mbele ya mlango wako."

"Mbele ya macho yangu?"

"Mbele ya macho yako, bibi."

Bibi Kwandu akamwangalia sana. Kisha akasema, "Haya, mwite."

Minza akakimbia mbio mpaka kwenye turubai. "Baba, beba vifaa. Twende kwa Bibi Kwandu."

Baba akabeba jiko la mkaa na nyundo. Minza akabeba koleo. Lilikuwa zito, lakini hakuliacha.

Wakaketi mbele ya mlango wa Bibi Kwandu. Watu wakatoka kimya kimya kuangalia. Mwenye duka naye akaja, mikono nyuma.

Fuu, fuu, fuu. Baba akapuliza moto.

Akayeyusha lehemu, madini laini ya kuzibia. Ilipong'aa kama fedha, akaimwaga kwenye tobo. Ilipopoa, akasawazisha kwa nyundo. Ko, ko, ko.

Bibi Kwandu akajaza maji mpaka juu. Baba akainua ndoo.

Watu wote wakatega masikio. Wakasikiliza.

Wakasikiliza tena.

Hakuna tone lililodondoka.

"Haivuji," alisema Bibi Kwandu. Akacheka mpaka akaketi chini.

Mwenye duka akakimbia dukani, akarudi na taa. Yule mama aliyefunga mlango akaufungua. Alishika masufuria mawili.

"Pangeni mstari," alisema Minza. "Bibi amemaliza. Sasa nani anafuata?"

Jumamosi ikafika. Hawakuhama.

Watu wa Mwandulu wakaja na miti. Wakaja na nyasi. Wakachimba udongo, na Minza akaukanda kwa miguu. Pwacha, pwacha, pwacha.

Wakajenga, siku baada ya siku, mpaka nyumba ikasimama.

Jioni hiyo, baba alinawa mikono. Mama na Bibi Kwandu walikunywa uji. Minza alisimama nje, miguu imejaa udongo.

Mgeni mmoja akapita na baiskeli. "Hujambo, binti?" alisema. "Natafuta duka. Wewe ni mwenyeji hapa?"

Minza akaitazama nyumba mpya. Akamtazama baba, akamtazama mama, akamtazama Bibi Kwandu.

"Ndiyo," alisema. "Mimi ni wa hapa. Duka liko kule, mbele ya lile jiwe kubwa."

Kisha akanawa miguu, akaingia ndani. Akajilaza kwenye mkeka, akajifunika shuka.

Akalala fofofo, nyumbani kwao.