Pikapu ya Rafaeli na Maji ya Korongo

Kila asubuhi Rafaeli alipika chai ya watu wawili. Alikunywa kikombe kimoja, kingine akakimwaga uani. Mazoea yana taabu, jamani.

Mkewe, Aneth, alikuwa muuguzi katika zahanati ya Kakesio, mbali nyuma ya kreta ya Ngorongoro. Rafaeli aliishi Karatu. Alikuwa dereva wa pikapu, akipeleka unga, sukari na sabuni kwenye maduka ya Kakesio. Wakati wa kiangazi hapakuwa na shida. Alishusha mzigo, akalala kwa mkewe, akarudi anapiga mluzi. Masika yakiingia, makorongo yalijaa maji na njia ikafungwa.

Mwaka huo masika hayakuwa na huruma. Wiki zilipita bila wao kuonana. Aneth alipanda kilima kutafuta mtandao, ndipo akapiga simu.

"Umekula?" aliuliza.

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Ugali na... ugali."

Aneth alicheka kidogo. "Rafa, mvua ikinyesha hapa nasikiliza bati peke yangu. Pasaka utakuja?"

"Nitakuja, hata iweje!"

"Usiseme hata iweje. Sema Mungu akipenda."

Rafaeli alikata simu roho ikimuuma. Nyumba ilikuwa kimya mno. Alitoka nje, akatazama magari ya watalii yakipita. Mengi yalikuwa na bomba jeusi, limepanda kutoka ubavuni hadi usawa wa paa. "Kumbe hilo ndilo linalovusha gari majini," akajiambia.

Basi, akachukua bomba la plastiki, lile la kuteremsha maji ya mvua kutoka kwenye paa. Akaliunganisha na njia ya hewa ya injini. Viungo akavifunga kwa vipande vya mpira wa tyubu. Akarudi nyuma, akalitazama gari lake, akatabasamu.

Jirani yake, Mzee Bartolomeo, alikuwa akipita. Mzee huyu alikuwa fundi wa magari ya watalii kwa miaka mingi.

"Rafaeli, unakwenda wapi na hilo bomba?"

"Kwa mke wangu, mzee. Mwaka huu korongo halinizuii!"

"Niletee gari kesho nilikague."

"Kesho nitakuwa Kakesio."

Wahenga walikwisha kusema habari za asiyesikia la mkuu. Rafaeli aliwasha gari, akaondoka.

Alifika korongo la mwisho. Maji yalikuwa ya kahawia, yanakwenda kwa kasi. Ukingoni alisimama Tajewo, mchungaji wa Kimaasai, pamoja na ng'ombe wake.

"Ero, wewe kijana, subiri," Tajewo alisema. "Ng'ombe wamekataa kuvuka. Ng'ombe wakikataa, na mimi nakataa."

"Ng'ombe wako hawana bomba," Rafaeli alijibu, akaingia majini.

Lo! Alipofika katikati, injini ikakohoa, ikazima. Kwa hofu akaiwasha tena. Kitu kikagonga ndani ya injini, ko! Kisha kimya. Maji yakaingia mlangoni. Gari likaanza kusukumwa pembeni, likakwama kwenye jiwe. Tajewo akamrushia kamba ya ng'ombe. Rafaeli akatokea dirishani, akavutwa mpaka ukingoni akiwa hoi.

Tajewo alimfunika shuka yake. Rafaeli alitazama ng'ambo. Kakesio ilikuwa karibu, lakini hakuweza kufika. Alilia bila kujificha.

Maji yalipopungua kidogo, bado hayavukiki kwa miguu, lori likalivuta gari na yeye ndani hadi Karatu. Pasaka Rafaeli aliila peke yake. Simu ya Aneth ikaingia.

"Nilivaa gauni jipya," alisema kwa sauti ndogo. "Nikakaa mlangoni kukungoja. Halafu watu wakaniambia gari lako limezama. Rafa, mume anayechelewa nitamvumilia. Mume wa kuzikwa simtaki."

Rafaeli alikata simu. Alikwenda kwa Mzee Bartolomeo, kichwa chini.

Mzee hakumcheka. Alifungua injini, akamwonyesha chuma kilichopinda. "Injini inapumua hewa kama wewe. Bomba lako lilivuta maji pale kwenye viungo. Maji hayabanwi kama hewa, kwa hiyo yamepinda chuma. Na ulipowasha tena, ukaimaliza kabisa. Gari likizima majini, usiliwashe. Toka kwanza, uokoe roho yako."

"Mbona magari ya watalii yanavuka na bomba?"

"Kijana, bomba lile hapa kwetu kazi yake kubwa ni vumbi! Linavuta hewa safi ya juu. Likifungwa vizuri pasipite hata tone, linasaidia na majini pia. Lakini peke yake halitoshi."

Siku zilizofuata walifanya kazi pamoja, wakaweka injini nyingine iliyotumika. Walifunga bomba imara, viungo vyote vimezibwa. Kisha mzee akaingia chini ya gari.

"Unaona hii difu, hapa katikati ya matairi? Nayo ina tundu la kupumulia. Ikiwa ya moto ukaitumbukiza kwenye maji baridi, inavuta maji ndani. Giaboksi vilevile."

Waliunganisha mipira myembamba kwenye matundu hayo, wakaipandisha mpaka juu karibu na boneti. Nyaya za umeme wakazifunga zisilowe.

"Sasa ninaweza kuvuka?" Rafaeli aliuliza.

"Maji yaliyotulia, yasiyopita nusu ya tairi, utavuka polepole bila kubadilisha gia. Ukitoka, kanyaga breki kidogo kidogo zikauke. Ukifika, kagua oili. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, usiendelee. Lakini maji yanayokimbia, hata ya magotini, yanabeba gari. Hapo hakuna bomba wala fundi. Unasubiri."

Rafaeli alimwambia Aneth siku ya safari. Alipofika korongoni, maji yalikuwa yanakimbia tena. Tajewo alikuwepo na ng'ombe wake. Na ng'ambo, lo, alisimama Aneth! Alikuwa ametembea kuja kumpokea.

Rafaeli alishika ufunguo. Bomba lilikuwa zuri. Gari lilikuwa zima. Mke wake alikuwa pale, anaonekana hadi kitambaa chake cha kichwani.

Aneth alipunga mikono yote miwili: usije, usije.

Rafaeli alitia gia ya nyuma. Alilirudisha gari mbali na maji, mahali pa juu, akalizima, akatia ufunguo mfukoni. Akaenda kukaa kwenye nyasi. Aneth naye akakaa. Waliitana, lakini ngurumo ya maji ilimeza sauti zao. Aneth akafungua hotipoti aliyomletea mumewe, akainua kijiko. Rafaeli akainua andazi lake. Wakala pamoja hivyo, kila mtu na ukingo wake. Rafaeli hakuwahi kumkumbuka mkewe kama siku ile alipokuwa anamwona.

Jioni akina mama wa boma la jirani walimchukua Aneth akalale kwao. Rafaeli akalala garini.

Kulipokucha, Aneth alikuwa amesharudi ukingoni, na ng'ombe wa Tajewo walivuka wenyewe. Maji yalikuwa yametulia. Tajewo akatangulia na fimbo, akipima chini hatua kwa hatua. Hayakufika magotini.

"Haya, ero. Leo ng'ombe wamekubali."

Rafaeli alivuka polepole. Injini haikukohoa. Alipotoka alikanyaga breki kidogo kidogo, akasimama mbele ya Aneth.

"Umechelewa," Aneth alisema, machozi yakimtoka.

"Kawia ufike, mke wangu."

Walipofika nyumbani, Rafaeli alikagua oili kwanza. Ilikuwa safi. Akanawa mikono, akabandika maji jikoni, akapika chai ya watu wawili. Siku hiyo hakumwaga.