Waya Uliobaki Komarock

Soko la Kariokor siku ya Jumamosi hakuna pa kumkwepa mtu. Aluoch alikuwa ameinama akijaribu viatu vya akala, gauni lake la kitenge cha manjano likigusa vumbi, aliposikia sauti aliyoapa kutoisikia tena.

"Niaje, mrembo?"

Alikuwa Wanyoike, shati jeupe limepigwa pasi, manukato yaleyale. Moyo wa Aluoch uliruka, naye akauchukia moyo wake.

Walikuwa wapenzi, Aluoch akisuka upya nyaya za mota zilizoungua, Wanyoike akifunga pampu za sola. Kisha mota aliyoisuka Aluoch ikaungua kwenye kisima cha ploti moja Komarock, na Wanyoike akawaambia wapangaji kuwa fundi alitumia waya duni. Wateja wakamkimbia Aluoch. Akaacha kushika simu za Wanyoike.

"Mota imeungua tena, beb," Wanyoike akasema. "Hii nilinunua mpya kabisa! Wapangaji wamesema ikiungua ingine, wananifukuza kazi. Nisaidie, please."

"Nitakuja," Aluoch akajibu, na tabasamu lake halikuwa zuri.

Kesho yake, huko Komarock, Aluoch alifungua boksi la swichi za pampu, akaona kosa mara moja. Sensa inayozima pampu maji yakiisha kisimani ilikuwa imerukwa kwa kipande cha waya, umeme ukipita bila kuifikia. Pampu ilizunguka kavu mpaka mota ikaungua.

"Nani aliruka sensa?"

"Mimi. Jua likiwaka sana kisima kinaisha, pampu inazima, watu wananitusi. Nikaona wacha iende tu."

"Ukanisingizia mimi!"

"Niliogopa, Alu."

Aluoch alifunga mota nyingine, akakiacha kile kipande mahali pake na waya wa sensa ukining'inia bila kuunganishwa, akafunika boksi. Iungue, wamfukuze, naye aonje. Alijisikia vizuri ajabu.

Maji yakatoka. Akina mama wakaja na mitungi, wakimshukuru Wanyoike, naye akashikwa na aibu.

"Wamama, skizeni! Mota ya kwanza ni mimi niliiua. Aluoch hakukosea. Niliwadanganya."

Mama mmoja akammwagia maji kwenye lile shati jeupe. Wanyoike hakujipangusa.

"Alu, nilikuwa nataka kutuma wazee kwenu wakupose. Bado nataka."

Aluoch alimtazama akichuruzika, akafurahi kweli kweli. Kisha akazima pampu, akafungua boksi tena.

"Umesahau nini?" Wanyoike akauliza.

"Waya wa sensa."

"Lakini wewe husahaungi waya."

"Leo nilisahau makusudi," Aluoch akasema, akikaza skrubu. "Tuma hao wazee haraka, nisije nikasahau tena."