Jeki Chini ya Bampa

Kila alipotoka shule, Nati alivua sare, akala chakula kilichofunikwa mezani, kisha akapitia mlango wa nyuma kwenda gereji ya mama yake. Jina lake halisi lilibaki kwenye madaftari. Mtaani aliitwa Nati kwa udogo wake, na mama yake, fundi wa magari, aliitwa Mama Jeki. Siku hiyo Nati alikuwa hoi. Alfajiri alichota maji safari nne, mchana akafanya mtihani wa hesabu, na sasa mikono ilimning'inia kama si yake.

Uani palikuwa na gari la zahanati, lile linaloteremsha wagonjwa kutoka mlimani kwenda hospitali kubwa. Mbele liliinuliwa juu ya stendi mbili za chuma. Dereva wake aliketi juu ya tairi kuukuu, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Linanivuta kando kama mbuzi asiyetaka kwenda sokoni," alisema. "Na tairi zinalika upande wa ndani."

"Nawe unalivuta huku. Ndiyo maana wote wawili mmechoka," alijibu Mama Jeki.

Alianza na gurudumu la kulia. Alilishika ubavu huu na ubavu huu, akalitikisa, likacheza. Ncha ya tairodi, ile fimbo inayopeleka mwendo wa usukani kwenye gurudumu, ilikuwa imelegea. Akaibadilisha. Kisha akasukuma jeki chini ya mkono wa chini, chuma kinachobeba gurudumu, akakiinua kidogo. Safari hii alilishika gurudumu juu na chini, akatikisa tena. Lilitulia.

"Jeki ya nini, na gari liko juu tayari?" dereva aliuliza.

"Gurudumu likining'inia, springi inakibana kiungo cha chini. Hata kikiwa kimekwisha, kinajifanya kizima. Ukiinua mkono huu, springi inakiachia, nacho kinasema ukweli."

Mama Jeki alisimama polepole akijishika kiuno. "Nati mwanangu, ihamishie jeki kushoto, uiweke kama nilivyoiweka hapa. Nikitambaa tena sasa hivi, mtanizoa."

Jeki ilikuwa nzito, na vigurudumu vyake vilikwama kwenye kokoto. Nati aliiburuta kidogo, akapumzika, akaiburuta tena. Mbele ya gari nguvu zikamwishia. Mama yake alikuwa amempa mgongo, akifuta mikono. Nati akaisukuma jeki chini ya bampa, mpini wake ukichungulia nje kama wa jeki iliyo kazini.

"Umeiweka?"

"Ndiyo, mama."

Mama Jeki aliketi juu ya debe, akalitikisa gurudumu la kushoto kwa kila namna. Halikucheza hata kidogo. "Upande huu ni mzima," alisema. Nati akaichomoa jeki upesi, wakalishusha gari nayo.

Dereva alijikokota hadi kwenye usukani. "Kuna mama mjamzito ananingoja huko juu. Nikimfikisha kabla ya giza, leo huenda nikalala."

Nati alimwona akiingiza ufunguo. Alijua kiungo kile kikichomoka, gurudumu hulala ubavu na usukani hauna la kufanya. Aliwahi kuliona gari la namna hiyo likiletwa pale uani kwa kamba.

"Mama," alisema, "jeki sikuiweka."

Mama yake alimtazama, kisha akaitazama jeki. Hakupandisha sauti. "Dereva, shuka baba. Tunaanza upya."

Wakaliinua tena gari juu ya stendi. Safari hii Nati aliiburuta jeki mwenyewe hadi mahali pake, akipumzika mara tatu. Mama yake alipolitikisa gurudumu, kiungo kiligonga: ko, ko, ko. Dereva aliweka kidole pale, akakiondoa haraka.

"Na hiki ndicho nilichokuwa nikiteremkia mlima?" aliuliza, akarudi kuketi juu ya tairi. Baada ya muda akapiga simu. Gari la kituo jirani lingemfuata yule mama mjamzito.

Kiungo kipya kilipofungwa, jua lilikuwa limezama. Nati alimmwagia mama yake maji ya kunawa bila kuinua macho.

"Nilikuwa nimechoka," alisema.

"Najua. Kuchoka si kosa. Mimi nimechoka, na huyu bwana ametushinda sote. Ungeniambia, 'Mama, sina nguvu,' ningeihamisha mwenyewe hata kwa kutambaa. Lakini uliponiambia imewekwa, niliacha kuangalia. Naye dereva akaniamini mimi, na mgonjwa angemwamini yeye." Mama Jeki alijifuta mikono kwenye ovaroli. "Siku nyingine ukichoka, sema umechoka. Usiseme umemaliza."