Mama Pasi na Sura ya Sita

Asubuhi chumba cha kupigia pasi kilijaa mvuke. Mashuka meupe yalining'inia kutoka ukuta hadi ukuta. Mwanga wa dirishani ulipita ndani yake taratibu, mpaka mtu akasahau kwamba yuko kazini. Na Mama Pasi alikuwa bingwa wa kusahau. Mkono ulikwenda, pasi ilikwenda, lakini yeye mwenyewe alikuwa mbali. Alikuwa amesimama mimbarini, na watu wametulia tuli wakimsikiliza.

"Shuka hilo umelipiga mara tatu sasa," mume wake alisema. Walifanya kazi pamoja, mume akifua, mke akinyoosha. "Litatoboka."

"Niache, baba watoto. Nahubiri."

"Haya, mchungaji. Lakini wenye mashuka yao wanakuja saa sita."

Mama Pasi alicheka. Kila siku mchana alivua aproni, akaenda chuo cha theolojia, mitaa miwili tu kutoka pale. Alikuwa anasomea uchungaji. Ulibaki mtihani mmoja: kuhubiri mbele ya chuo kizima. Somo lilikuwa faraja kwa waliofiwa. Ukishindwa, unarudia mara moja tu. Ukishindwa tena, basi, safari imeishia hapo. Na aliutaka uchungaji huo, jamani, asikuambie mtu!

Kulikuwa na jambo jingine. Mpishi wa chuo alifiwa na mumewe mwezi uliopita. Tangu hapo alipakua chakula bila kusema neno. Mama Pasi alitamani kumwambia kitu. Kila alipofungua mdomo, maneno yalimpotea.

Siku hiyo aliweka pasi kando, akachukua simu. Wanafunzi wenzake walikuwa wamemwonyesha programu ya akili mnemba. Unaiandikia swali, nayo inakujibu papo hapo, utadhani ni mtu. Akaandika: "Niandikie mahubiri ya faraja kwa waliofiwa." Hata hajameza mate, mahubiri hayo hapo! Yalikuwa marefu na laini, na mistari ya Maandiko imetajwa.

"Hebu sikiliza," alimwambia mumewe, akamsomea.

"Mh! Matamu hayo. Umeyatoa wapi?"

"Humu kwenye simu."

"Na hiyo mistari umeitazama kwenye Kitabu?"

"Kitu kilichosoma vitabu vyote vya dunia kitakosea mstari? Wewe fua."

Jumatatu ikafika. Kanisa dogo la chuo lilijaa. Chuo kile kilikuwa na desturi yake. Mhubiri hasomi mstari mwenyewe, anautaja tu. Anayeusoma kwa sauti ni mkutubi, yule mama anayetunza vitabu vya maktaba. Yeye huketi mbele, Kitabu mapajani.

Mama Pasi alianza. Sauti yake ilipanda, ikaelea juu ya vichwa vya watu. Alijiona kama yuko ndotoni. "Futa machozi," alisema. "Usilie tena. Huzuni yako imekwisha leo." Kule nyuma mpishi aliinuka, akatoka nje. Mama Pasi alimwona, lakini maneno yalikuwa yanambeba.

Akataja kitabu, kile kifupi cha mama mjane na mkwe wake. "Sura ya sita," akasema, "mstari wa tatu."

Mkutubi akafungua. Akafunua ukurasa mmoja, akarudi nyuma. Akavaa miwani.

"Sura ya ngapi, mama?"

"Ya sita."

"Kitabu hiki kina sura nne tu."

Mtu mmoja akacheka. Mwingine akakohoa ili kuficha kicheko. Mama Pasi alitamani ardhi ipasuke immeze. Mkuu wa chuo aliandika kitu kwenye karatasi yake, kisha akasema kwa upole, "Utarudia Jumatatu ijayo."

Mkutubi alimkuta ameketi kwenye ngazi, analia. Akamshika mkono, wakaingia maktaba. Humo ndani kulikuwa kimya. Vumbi jepesi lilielea kwenye mwanga wa alasiri, na saa ya ukutani ilikuwa imesimama siku nyingi.

"Ni simu, eti?" mkutubi aliuliza. "Wewe si wa kwanza."

"Ni simu. Imenidanganya, dada. Naitupa leo hii hii."

"Pasi ikiunguza shati, unaitupa pasi?"

"Aa, hapana. Najilaumu mwenyewe. Pasi haijui hariri wala pamba."

"Basi na hii ni hivyo hivyo. Imelishwa maandishi mengi kupita kiasi. Inajua neno gani hufuata neno gani, ndiyo maana inasema vizuri. Lakini kusema vizuri si kujua. Mstari ikiukosa, inaweza kubuni wake, tena bila haya. Kukagua ni kazi yako wewe."

"Sasa inanifaa nini?"

"Usiiombe mahubiri. Iombe ikuulize maswali."

Mama Pasi akafuta machozi, akaanza kuandika: "Mpishi wetu amefiwa na mumewe, anaitwa..."

Mkutubi alimdaka mkono. "Ishia hapo! Habari za mtu aliyefiwa hazitiwi humu. Hatujui zinahifadhiwa wapi, wala nani atazisoma. Mchungaji lazima awe na kifua cha kutunza siri."

Mama Pasi akafuta. Akaandika upya: "Niulize maswali matano kuhusu yule mjane na mkwe wake. Usinipe majibu."

Maswali yakaja. La tatu liliuliza hivi: mjane aliporudi kwao, aliwaambia watu nini kuhusu jina lake? Mama Pasi hakulijua jibu. Aliona aibu kidogo. Akafungua Kitabu, akasoma polepole, kidole chini ya maneno.

Maktaba ikapotea. Akaona njia ndefu ya vumbi. Wanawake wawili walikuwa wanatembea, jua likiwa mabegani mwao. Mmoja alikuwa mzee, mwingine kijana. Walifika mjini, na watu wakatoka kumtazama yule mzee. Naye akawaambia wasimwite tena kwa jina lake la raha. Wamwite Uchungu.

"Dada," Mama Pasi alinong'ona, "hakuna mtu aliyemnyamazisha."

"Eh?"

"Hapa. Amesema ana uchungu, na hakuna aliyemwambia usilie. Mkwe wake yuko kando yake, basi."

Mkutubi alitabasamu. "Hilo umeliona kwa macho yako. Sasa chukua na vitabu hivi viwili vya maelezo, uone waliosoma kabla yako walisemaje."

Wiki nzima alisoma na kuandika, tena kwa mkono wake. Jumamosi alimsomea mumewe kati ya mashuka. Mume aliacha kukamua nguo.

"Haya si matamu kama yale," alisema. Akajifuta mikono. "Lakini nimemkumbuka mama yangu."

Jumatatu, kabla ya kuingia kanisani, Mama Pasi alipita jikoni. "Njoo unisikilize, tafadhali," alimwambia mpishi. "Ukitaka kutoka, toka. Sitakasirika."

Akasimama mbele. "Kwanza niseme wazi," alianza. "Nilitumia akili mnemba kuniuliza maswali. Mahubiri nimeyaandika mwenyewe, na mistari nimeikagua mmoja mmoja." Kisha akataja kile kitabu kifupi. "Sura ya kwanza, mstari wa ishirini."

Mkutubi akafungua mara moja, akasoma.

"Wiki iliyopita nilisema usilie," Mama Pasi aliendelea. "Nilikosea, naomba radhi. Mjane huyu alisema uchungu wake mbele ya mji mzima, na Kitabu kikauandika. Wewe uliyefiwa, lia. Sema. Sisi tutakaa nawe." Mara mbili alikwama, akatafuta neno. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Umefaulu," alisema mkuu wa chuo alipomaliza.

Moyo wa Mama Pasi uliruka kwa furaha. Lakini mpishi alikuwa anakuja mbele, polepole, aproni bado kiunoni. Alisimama karibu naye.

"Alikuwa fundi viatu, mume wangu," mpishi alisema. "Alipokuwa anashona, alipiga mluzi."

"Mluzi wa wimbo gani?" Mama Pasi aliuliza, akamvutia kiti.

Mpishi akaketi, akaanza kumweleza. Chakula kilichelewa sana siku hiyo, na hakuna aliyelalamika.