Mikono Miwili Juu ya Kashekesheke

Jumamosi asubuhi, huko Katuba, Mama Brigitte alikuta cherehani yake imetoweka. Mlango haukuvunjwa. Hata chakula cha mchana hakijaiva, mwizi alikwishatajwa: Bénie, mke wa mwanawe Caleb, maana ndiye aliyetunza ufunguo.

Aliyemtaja ni kashekesheke, kijiti cha kuagulia cha Waluba, ambacho kikizunguka mkekani jibu ni ndiyo. Mwaguzi, Mama Kalenga, alishika upande mmoja. Jeannot, mdogo wake Caleb, upande wa pili. Lilipotajwa jina la Bénie, kikazunguka. Mama Brigitte akaamua Bénie arudi kwao, mtoto abaki. Ukweni hakuna wakili.

Bénie alimkimbilia jirani, Marceline, mwalimu wa saikolojia chuo kikuu. Marceline hakumdharau mwaguzi. Alimwomba kwa heshima wajaribu kijiti hicho, na mama yule, mtu wa haki, akakubali hata kuzibwa masikio kwa pamba.

"Maulizo atayasikia tu ule mwenye kushika naye," Marceline alieleza. "Kama ni kijiti njo kinajua, kitajibu sawasawa kwa kila muntu."

Akauliza cherehani iko mtaa gani: Kamalondo, Katuba au Annexe? Kila mara alibadili mpangilio. Kwa Caleb kijiti kilitulia. Kwa Bénie vilevile. Kwa Mama Brigitte kilizunguka ilipotajwa Kamalondo, waliporudia kikazunguka Katuba. Kwa Jeannot kilizunguka Annexe, mtaa wa kina mchumba wake. Wakarudia: Annexe. Mara ya tatu, Annexe tena.

"Sikukisukuma, yaya," Jeannot alimwambia Marceline, akimwita dada mkubwa.

"Najua. Mukono inafuata kile roho inawaza. Lakini hii haiko preuve, haiko ushahidi. Twende kwa bukwe yako kule Annexe, tuangalie."

Siri ya mtungi aijuaye kata. Jeannot akaketi chini, akasema yote. Ukweni walimcheka kwamba anaposa mikono mitupu. Akachukua ufunguo Bénie akioga, akampelekea mama wa mchumba wake cherehani.

"Na jina ya Bénie?" Caleb aliuliza.

"Ile nilisukuma kweli. Niliwaza, yeye haiko wa hapa, nani atamutetea?"

Mama Brigitte alimweka mtoto mikononi mwa Bénie, akamwomba msamaha mbele ya wote. Bénie alimkumbatia mwanawe kwa nguvu, moyo umejaa shukrani, akamgeukia Marceline.

"Aksanti, yaya. Bote walisikia jibu ya kijiti. We tu njo uliuliza."