Darasa Linalopiga Kelele

Mambo yaliharibika Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa kumi. Asubuhi hiyo watoto wa shule ya Masaka walihamia darasa jipya. Mabati mapya, vigae vyeupe, taa ndefu za kung'aa. Wakubwa wa serikali walikuja, wakakata utepe, wakapiga picha, wakaenda zao. Kisha mvua ikashuka.

Nsengiyumva alikuwa akipalilia maharage alipopigiwa simu kutoka shuleni. Alikimbia huko, akamkuta binti yake, Umulisa, chini ya meza. Ameziba masikio, analia, anagonga kichwa ukutani.

"Mzee, huyu hatumuwezi," alisema Kagabo, mkuu wa shule. "Akae nyumbani kwanza."

"Kwanza mpaka lini? Tangu mama yake afariki, furaha yake ni shule tu! Mmejenga kwa ajili ya picha zenu!"

Jioni alikuwa bado anagomba uani. Jirani yake Illuminée, anayefundisha watoto wenye usonji huko Kabeza, alimsikia.

"Baba Umulisa, unatafuta ugomvi au unamtafutia mtoto darasa?"

"Vyote viwili."

Illuminée akacheka. "Basi tuanze na darasa. Mvua ikinyesha, twende tukakae mle ndani."

Kesho yake mvua ilinyesha. Watoto walipotoka, Nsengiyumva na Illuminée waliketi kwenye dawati la Umulisa, na Kagabo pamoja nao. Mabati yalinguruma. Taa zilivuma na kuchezacheza. Vigae vilirudisha kila sauti.

"Mtoto ana usonji," Illuminée alisema kwa sauti ya juu. "Si laana, si utundu. Kelele uliyoizoea wewe, yeye inamuumiza. Mwanga mkali pia. Akizidiwa, hulia."

"Nami nilidhani ni kiburi," Kagabo alisema polepole. "Sasa tubomoe?"

"Hapana. Tutulize."

Wazazi walisuka mikeka ya mafunjo, wakaifunga chini ya mabati iwe dari. Sakafuni wakatandika mikeka mingine. Taa zikabadilishwa, zikawekwa za mwanga mpole. Picha nyingi zikaondolewa ukutani zisimchoshe macho. Pembeni wakatundika pazia zito, na nyuma yake mto wa kukalia.

"Kona hii si ya adhabu," Illuminée alionya. "Anaingia akitaka, anatoka akitaka."

"Na akiizoea, asitoke?" Nsengiyumva aliuliza.

"Wewe umezoea kugomba, baba. Yeye atatoka mapema kuliko wewe."

Hata Nsengiyumva alicheka.

Umulisa alirudi kidogo kidogo. Kwanza kwa muda wa saa moja, halafu asubuhi nzima. Siku moja mvua kubwa ilinyesha. Akaingia nyuma ya pazia, akajitikisatikisa, kisha akatoka mwenyewe na kumalizia mchoro wake. Watoto wengine nao wakasema sasa wanamsikia mwalimu vizuri.

Kwenye mkutano wa wananchi, kiongozi mmoja wa wale waliokata utepe alitangaza kwamba yatajengwa madarasa mengine mapya, kwa ramani ileile. Watu wakapiga makofi. Makofi yalipokoma, Nsengiyumva akasimama.

"Mheshimiwa, letu tumelirekebisha kwa mikono yetu. Hayo mengine, kabla hamjajenga, nani kati yenu atakaa na mtoto kama wangu ajue kinachomuumiza?"

Kiongozi alimtazama msaidizi wake, na msaidizi akamtazama kiongozi.