Risasi Katika Paja Lenye Chuma

Seremala mmoja aliyefiwa na mke aliishi peke yake nyuma ya karakana yake. Pajani alikuwa na chuma. Miaka ya nyuma alianguka kutoka juu ya paa, mfupa ukavunjika, madaktari wakauunga kwa chuma na skrubu. Mtaa mzima ukamwita Chuma. Jina alilipenda, maana wapita njia walimwita: "Chuma, habari?" Kisha wakaenda zao, akabaki na mbao zake.

Asubuhi moja majambazi walivamia duka la jirani. Risasi moja ikapotea njia, ikamwingia pajani. Damu ilitoka kidogo tu.

"Mimi ndiye Chuma, bwana! Imegonga, imekoma," alijiambia.

Akaosha kwa maji ya chumvi, akafunga kitambaa, akajilaza. Nani angempeleka hospitali?

Siku ya tatu, muuguzi wa nyumba ya pili alikuja kuulizia kiti alichompa atengeneze. Akamkuta anatetemeka kwa homa, paja limevimba, naye akamweleza habari ya risasi.

"Mzee wangu! Umekaa na hili siku tatu?"

"Usinitie presha, binti. Chuma kimenikinga."

"Kimekukinga wapi? Chuma cha mwilini si ngao. Risasi ikikigonga inaweza kupinda njia, kupasuka vipande, hata kulegeza skrubu. Na vijidudu vikinata kwenye chuma, ni vigumu kuvitoa. Mguu utakatwa, baba!"

"Basi ichomoe. Koleo lile pale."

"Ala! Koleo la misumari? Risasi haichomolewi nyumbani. Ungekandamiza kitambaa safi, ukawahi hospitali siku ile ile, ukasema mapema: nina chuma mwilini."

Walikwenda mara moja. Mlangoni tu, muuguzi alimwambia daktari habari za chuma. Picha ikaonyesha vipande viwili vya risasi kando yake, na skrubu moja imelegea. Wakampasua, wakasafisha, wakabadilisha chuma. Mguu ukapona.

Siku ya kutoka alipewa kadi inayoeleza chuma chake, atembee nayo daima. Chini palikuwa na mstari mtupu: mtu wa kupigiwa simu. Akashika kalamu weee, asiandike. Machozi yakamtoka.

"Sina, binti."

Muuguzi akamnyang'anya kalamu.

"Unaye, tena mkali," akasema, akaandika namba yake.